Cheni na Upana wa Kidole

Hakuna aliyenistaafisha. Mgongo ndio ulioamua, goti la kushoto likaunga mkono, na mimi nikajulishwa. Ninyi vijana wa kibandani Bomang'ombe mkaniaga kwa soda na keki, mkanipa na saa kubwa ya ukutani, sasa ambapo sina tena pa kuwahi. Mkaniomba pia niandike mambo ya kazi. Godi, mmoja wenu, alisema, "Mzee, ukifa nayo itakuwa hasara." Nimelichukua hilo kama heshima.

Nitaandika juu ya cheni. Najua wengi wenu mmehamia kwenye pikipiki, na baiskeli mnaishika mteja akibembeleza. Lakini nimekaa nikajiuliza ni kitu gani kimenipa kazi kuliko vyote, nikaona ni cheni, tena cheni ambayo mwenyewe angeweza kuishughulikia nyumbani kwake, kivulini, kwa spana na kitambaa. Mtu anafungua redio yake mwenyewe, anamchoma ng'ombe wake sindano mwenyewe, ila cheni ikianza kugonga anaikokota baiskeli hadi mjini. Sijawahi kuelewa. Ilinilisha, kwa hiyo sikuuliza sana.

Kazi niliianzia Njoro, Moshi mjini, kwa Mzee Rajabu. Alikuwa Mpare mfupi, mkimya, mwenye kofia safi kuliko kitu chochote katika kibanda chake. Alitengeneza baiskeli za nusu ya mji, na yeye mwenyewe hakupanda hata moja. Alikuja kwa miguu, akarudi kwa miguu. Nilipomzoea nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nazijua."

Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa shati la kanisani, maana mama yangu aliamini kazi ya mjini ni kazi ya mjini. Mzee Rajabu akalitazama lile shati, akanisogezea karai la mafuta ya taa lenye cheni chafu ndani yake. "Osha," akasema. Nikaosha. Nilipodhani nimemaliza akatoa leso nyeupe mfukoni, akaipitisha kwenye cheni, akanionyesha leso. Haikuwa nyeupe tena. Akaikunja vizuri, akairudisha mfukoni, akatoa nyingine na kuiweka gotini kusubiri. Alikuwa amekuja na leso za kutosha. Jioni nilikuwa nimejifunza kwamba uchafu wa cheni hauko nje unakouona, uko ndani ya pingili, na kwamba shati lile halitarudi kanisani.

Wiki ile yote sikushika spana. Wiki iliyofuata nikapewa kuikausha cheni juani na kuitia mafuta, tone moja kwa kila pingili, kisha kuifuta mpaka ionekane kama haijatiwa kitu. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wanaona cheni inayong'aa kwa mafuta wanafikiri imeshiba. Mafuta ya nje yanakamata vumbi, vumbi likichanganyika na mafuta linakuwa tupa, na tupa inakula meno ya gia polepole huku mwenye baiskeli anafurahi kwamba haipigi kelele. Msitumie oili chafu ya gari. Msitumie mafuta ya kupikia. Na hapo nalazimika kumtaja mzee mmoja wa kanisa wa huko Machame, ambaye mke wake alimpa mafuta ya ng'ombe apake cheni kwa sababu, alisema, yanafaa kwa kila kitu. Cheni ililainika kweli. Ila kuanzia Jumapili ile mbwa wa njia nzima walimsindikiza ibadani na kumsubiri nje. Mchungaji alimsifu kwa kuleta wasikilizaji wapya.

Mengine aliyonifundisha Mzee Rajabu nayaweka hapa kwa ufupi, muwabandikie wateja ukutani kama mtapenda. Cheni ikiwa na kufuli, kile kibati chenye mdomo upande mmoja, upande uliofungwa ndio utangulie na mdomo ufuate nyuma, la sivyo siku moja kitachomoka njiani na hutakiona tena. Ukitaka kujua kama cheni imezeeka, ivute kwa mbele pale inapozunguka gia kubwa. Ukiona mwanga kati ya cheni na meno, imekwisha, usiihurumie. Ukitaka kuikaza, geuza baiskeli miguu juu, legeza nati za gurudumu la nyuma pande zote mbili, vuta gurudumu nyuma kidogo kidogo, hakikisha tairi limekaa katikati ya fremu, kisha kaza nati kwa zamu, kulia kidogo, kushoto kidogo. Halafu zungusha pedeli taratibu, kwa sababu gia hazijawahi kuwa duara kamili na cheni ina mahali inapobana zaidi. Pima hapo hapo inapobana. Iachie icheze upana wa kidole.

Huo upana wa kidole ndio habari yenyewe. Ila kwanza niwafikishe Bomang'ombe.

Mzee Rajabu alipofariki niliondoka Njoro nikafungua kibanda changu Bomang'ombe, karibu na soko, pale pale mlipo sasa. Wateja wangu wengi wakawa watu wa Machame wanaoshuka na maziwa, ndizi na parachichi. Nami nyumbani ni Machame, kwa hiyo nilijua walikotoka na nilijua kile kilima. Baiskeli inayopanda Machame haipandwi, inasukumwa. Ikishuka ndipo inapandwa, na hapo haihitaji kukanyagwa, inahitaji kuzuiwa. Sasa, baiskeli nyingi za mtumba zilikuja na breki ya kukanyaga nyuma. Haina waya. Ukitaka kusimama unakanyaga pedeli kinyumenyume, cheni inavuta habu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma, na gurudumu linakamatwa. Ni breki nzuri, haijali mvua. Ina sharti moja tu, kwamba cheni iwepo. Cheni ikiruka au ikikatika katikati ya mteremko, unabaki umekaa juu ya kitu chenye magurudumu mawili na huna la kukiambia.

Mama Upendo alikuwa na baiskeli ya namna hiyo. Ilikuwa ya marehemu mume wake, Eliakimu, fremu nzito, keria la chuma la kuchomelea, na kila asubuhi alishuka nayo amefunga madumu ya maziwa ya kwake na ya majirani hadi kituo cha kukusanyia. Mumewe alifia barabarani kabla mimi sijamfahamu mama huyu. Niliambiwa ni ajali, sikuuliza zaidi. Ana watoto watatu, na alikuwa akiishi kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba mkwe wake, Mzee Ndekirwa.

Alianza kuja kwangu siku za Jumatatu. Mara ya kwanza alisema pedeli ni nzito kama anasaga mahindi. Nikaigeuza baiskeli, nikabonyeza cheni. Haikubonyea. Ilikuwa imekazwa hadi unaweza kuipiga kama uzi wa gitaa. Nikalegeza, nikapima kidole, nikamwambia sasa iko sawa. Jumatatu iliyofuata akarudi, imekazwa vile vile.

"Nani anakaza hii?"

"Baba."

"Baba nani?"

"Baba mkwe. Kila Jumamosi akishamaliza ng'ombe anaigeuza, anakaza."

"Mwambie asikaze."

Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa kwa adabu. "Fundi, nimwambie baba mkwe wangu kwamba hajui? Wewe si Mmachame?"

Nilikuwa Mmachame, kwa hiyo nikanyamaza. Tukaingia katika utaratibu. Jumamosi mzee anakaza, Jumatatu mimi nalegeza. Jumamosi mzee anakuta imelegea, anasema cheni za siku hizi zinavutika kama unga wa chapati, anakaza zaidi. Akawa ananitumia salamu kupitia kwa mkamwana wake: mwambie fundi aache kuuza cheni mbovu. Nami namtumia salamu: mwambie baba shikamoo. Mama Upendo alizibeba salamu hizi pamoja na maziwa, akizipunguza makali pande zote mbili.

Nilimfungia breki ya mkono ya mbele kama tahadhari. Lakini rimu ile ilikuwa ya chuma cha zamani, na asubuhi ya Machame ina ukungu na manyunyu nusu ya mwaka. Rimu ikilowa, breki hiyo ni ya kumwonyesha trafiki. Tegemeo lake lilibaki pale pale kwenye cheni.

Jumatatu moja niliizungusha ile cheni taratibu nikaona pingili moja imekaa vibaya. Nikaifuta. Kibati chake cha upande mmoja kilikuwa kimepasuka, na pini imeanza kutokeza kichwa. Ilikuwa imebaki kushikiliwa upande mmoja. Mama Upendo alikuwa ameshuka nayo asubuhi ile na madumu yote, na amekanyaga breki kwenye kila kona kutoka kanisani hadi barabara kuu. Alikuwa amesimama hapo pembeni akila kiazi.

Niliogopa. Nasema hivyo kwa sababu watu wanadhani fundi haogopi. Nikamwita, nikamwonyesha ile pingili. Aliitazama, akamaliza kutafuna, akasema, "Kumbe."

"Baiskeli hii haitoki hapa bila cheni mpya," nikamwambia. "Na Jumamosi nakuja kwenu."

"Utamwambiaje?"

"Sijui."

"Basi uje umeshakula," akasema. "Ukija na njaa utakubali kila anachosema."

Jumamosi nilipanda Machame. Nilimkuta Mzee Ndekirwa uani, karibu na banda la ng'ombe, amekaa kwenye kigoda akinyoosha waya kwa nyundo. Alikuwa mtu wa zaidi ya miaka themanini, mrefu, macho yake yameanza kufunikwa na weupe wa mtoto wa jicho, ila kichwa kinageuka haraka kila jani likidondoka. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia, akauliza mimi ni wa ukoo gani, wa mtaa gani, babu yangu aliitwa nani, na kwa nini babu yangu aliuza lile dume. Sikujua habari za dume. Akanieleza. Tukala machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, nikanywa maziwa ya mgando, na yote haya sikuyakataa ingawa nilikuja nimeshakula. Cheni haikutajwa. Kwetu jambo zito halianzwi na tumbo tupu, wala halianzwi na mgeni.

Hatimaye akasema, "Wewe ndiye unayemuuzia huyu mtoto cheni za unga."

"Ndiye mimi, baba. Nimekuja kuona unavyokaza. Labda kuna kitu sikijui."

Nilisema hivyo kwa heshima, na pia kwa sababu kweli sikujua kwa nini mtu akaze vile. Akafurahi. Akatandika majani makavu ya mgomba chini ili siti isichafuke, akaigeuza baiskeli miguu juu peke yake, akachomoa spana kwenye paa la banda bila kupapasa. Alilegeza nati. Akalegeza na ule mkono wa habu unaofungwa kwenye fremu, ambao hata baadhi yenu mnausahau. Akavuta gurudumu nyuma kwa nguvu za mtu aliyevuta ndama maisha yake yote, akakaza. Tairi lilikuwa katikati kabisa. Kazi safi, isipokuwa ile cheni mpya niliyofunga Jumatatu ilikuwa sasa imenyooka kama fito.

Kisha akafanya kitu nilichokuwa sijawahi kuona. Akazungusha pedeli kwa mkono mmoja na kuinamisha sikio karibu na kava la cheni. Akazungusha muda mrefu.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Sijasikia kitu, baba."

"Ndiyo," akasema. "Hakuna kitu."

Akaendelea kuizungusha. Halafu akasema, bila kunigeukia, "Eliakimu alipotoka asubuhi ile, niliisikia. Ilikuwa inagonga kava. Ka, ka, ka, mpaka getini. Nikasema akirudi nitamwambia akaze."

Upande wa pili wa uani Mama Upendo alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Panga likasimama. Nilijua kwa namna lilivyosimama kwamba hata yeye alikuwa hajawahi kuyasikia maneno hayo. Cheni ya mumewe ilikuwa imeruka mteremkoni. Watu waliiokota baiskeli ikiwa nzima, cheni inaning'inia. Hilo alilijua. Hakujua kwamba kuna mtu aliyeisikia ikitoka.

Nilimhurumia yule mzee. Na wakati huo huo nilikuwa namwogopa, maana alikuwa ameshika spana, na kwa upendo ule ule alikuwa anamuua mkamwana wake kila Jumamosi.

Nilikuwa nimeiweka ile pingili iliyopasuka mfukoni. Nikaitoa, nikaiweka kwenye kiganja chake. Nikamwambia, "Hii ilikuwa kwenye cheni aliyoshuka nayo Jumatatu. Imepasuka kwa kukazwa. Ingekatika kwenye kona yoyote."

Hakuitazama. Aliipapasa kwa kidole gumba, akaupata ule ufa, akarudi nyuma, akaupata tena. Ng'ombe akakohoa.

"Kwa hiyo ikilegea inaua," akasema mwishowe, "na ikikazwa inaua."

"Ndiyo, baba."

"Sasa ninyi mnaitengenezaje?"

"Tunaiachia katikati."

"Katikati iko wapi?"

"Nipe kidole."

Akanipa kile cha shahada, cheusi, kinene, kigumu kama kijiti. Nikalegeza nati, nikasogeza gurudumu mbele kidogo, nikakaza. Nikazungusha pedeli hadi pale cheni inapobana, nikakiweka kidole chake katikati ya cheni, nikamwambia asukume juu, kisha chini. Ikapanda kidogo, ikashuka kidogo. Nikamwambia jumla ya hapo isizidi upana wa hicho kidole, na isipungue.

Akasukuma tena. Juu, chini. "Kama kamba ya ndama," akasema.

"Sijui kamba ya ndama, baba. Kwetu tulikuwa na mbuzi."

"Unamfunga aweze kulala na kuamka. Ukimfupishia anajinyonga, ukimrefushia anaizungushia miguu." Akasukuma tena. "Mbona hukusema hivyo tangu mwanzo? Miezi yote hii unanitumia shikamoo."

Nilipokuwa naondoka Mama Upendo alinisindikiza hadi getini, kwenye ule uzio wa masale, mimea yetu ya mpakani. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ya kazi. "Fundi, ichukue ile spana. Mwambie unaihitaji kibandani. Atakupa."

Angenipa. Nililifikiria jambo hilo, na hadi leo nalifikiria. Ningeweza kushuka na ile spana, nikawa napima cheni mwenyewe kila Jumatatu, na mambo yakaisha. Lakini nilimwona mawazoni yule mzee akikaa uani kila asubuhi, mikono mitupu, akisikiliza baiskeli ikitoka getini. Mtu kama huyo ukimnyang'anya spana atatumia koleo, na ukimnyang'anya koleo atatumia meno. Na zaidi ya hapo, sikuona ni haki. Nikamwambia, "Namwachia. Kuanzia leo mimi cheni hii sitaigusa. Ataipima yeye."

"Haoni."

"Kidole kinaona."

Alikasirika. Sijawahi kuona mama wa Kimachame akikasirika kimya namna ile. "Basi utakuja kunizika mwenyewe," akasema, akanifungulia geti.

Jumamosi iliyofuata mzee angekuwa peke yake na spana. Jumatatu yake niliwahi kibandani kuliko kawaida yangu. Mimi si mtu wa kutazama barabara, wote mnanijua. Siku hiyo nilifungua gurudumu la baiskeli ambayo haikuwa na tatizo, nikamwaga gololi, nikazifuta moja moja, nikazirudisha, nikazimwaga tena. Mwenye baiskeli alipokuja akauliza imeharibika nini. Nikamwambia bado natafuta.

Mama Upendo alifika na madumu yake, akashuka, akaiegemeza baiskeli kwenye nguzo, akakaa kwenye benchi bila salamu. Nikasahau kwamba nilisema sitaigusa. Nikachuchumaa, nikazungusha pedeli, nikaweka kidole. Ikapanda, ikashuka.

"Sawa?" akauliza.

"Sawa."

"Lazima iwe sawa," akasema. "Baba alianza baada ya chakula, akamaliza giza limeingia. Kila mtu aliyepita njiani aliitwa aje aweke kidole. Hata mwalimu wa kwaya. Hata muuza samaki." Akavua viatu, akanyoosha miguu. "Na mimi aliniita. Akasema, weka kidole mama, ni wewe unayeshuka." Hapo akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Kwa ajili ya kumbukumbu za kitaalamu niseme kwamba kidole cha Mzee Ndekirwa kilikuwa kinene kuliko changu, na cheni aliyoipima yeye ilikuwa imelegea kidogo kuliko ninavyopenda mimi. Niliiacha hivyo. Ilikuwa ndani ya usalama, na sikuwa tayari kupanda tena Machame kujadiliana na kidole cha mtu.

Mzee aliendelea kupima hivyo miaka mingi. Mama Upendo aliacha kuja Jumatatu, na nikamkosa, kusema kweli, kwa maana hakuna mteja anayemuuma fundi akimpoteza kama yule ambaye umeifundisha nyumba yake kujitegemea. Alikuja tu cheni ilipokwisha, akachukua mpya, akapanda nayo nyumbani ikafungwe huko. Mara moja nilimpa moja yenye pini ngumu, ikarudishwa na ujumbe wa mzee kwamba nirudi kwa mwalimu wangu. Nilimwambia mwalimu wangu yuko makaburini. Ujumbe ukarudi: basi aende huko akamuulize.

Mzee aliposhindwa kutoka kitandani nilikwenda kumwona. Ilikuwa Jumamosi, mchana. Nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda nikasikia magurudumu kwenye sakafu. Mama Upendo alikuwa anaiingiza baiskeli chumbani. Aliipitisha mlangoni kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo mara nyingi, akainua gurudumu la nyuma kwa stendi, akaisogeza hadi cheni ikawa usawa wa mkono wa mzee. Kava lilikuwa limeshaondolewa. Kwenye shuka, pale mkono wake unapolala, palikuwa na alama nyeusi ya mafuta ambayo hakuna sabuni ingeiweza, na nadhani hakuna aliyejaribu.

Mama Upendo alizungusha pedeli taratibu, akasimamisha inapobana. Mzee akanyoosha kidole. Juu, chini. Alikaa hivyo kidogo, kama anasikiliza kwa kidole.

"Nenda," akasema.

Mama Upendo akaitoa baiskeli nje. Kumbe kwa muda mrefu mzee alikuwa hawezi tena kukaza. Mama Upendo ndiye aliyekuwa akikaza uani, akipima kwa kidole chake mwenyewe, halafu anaileta ndani. Yule mzee naye alijua. Aliniambia huku akifuta kidole kwenye shuka, "Anafunga vizuri kuliko wewe."

Alizikwa kwenye kihamba, kando ya mwanawe. Watu walikuwa wengi, ibada ikawa ndefu, mchungaji akataja mambo mengi mema lakini hakutaja cheni, kwa kuwa hakuwa ameambiwa.

Jumatatu baada ya mazishi Mama Upendo alishuka. Alikuwa na kitambaa cheusi kichwani na madumu yote nyuma, maana ng'ombe hawafuati msiba. Alikuwa ameshafikisha maziwa au hajafikisha, sikumbuki vizuri. Akasimama mbele ya kibanda, hakuegemeza baiskeli.

"Cheni nimeipima mwenyewe," akasema. "Jumamosi."

"Basi iko sawa."

"Najua iko sawa."

Hakuondoka. Alishikilia usukani kwa mikono miwili, akitazama chini. Nikamuuliza kama pedeli ni nzito. Akasema hapana. Nikamuuliza kama inagonga. Akasema hapana. Akaendelea kusimama, na watu wakawa wanampita kwenda sokoni.

Nikaweka spana chini. Nikafuta mkono kwenye suruali, nikachuchumaa kwa lile goti la kushoto ambalo siku hizo lilikuwa bado linakubali, nikazungusha pedeli hadi pale inapobana. Nikaweka kidole. Ikapanda, ikashuka.

"Nenda," nikamwambia.

Akapanda, akaenda.